Kombania Iliyopotea: Askari Mzembe katika Filamu ya Kifaransa na katika Masimulizi ya Keya

Utangulizi

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani Malinya, katika eneo la Ikolomani, Kaunti ya Kakamega, msimu ambao watu wa Idakho hujazana uwanjani kutazama vita vya fahali. Jioni moja, baada ya isikuti kunyamaza na fahali kurudishwa mazizini, nilimfungulia nyanya yangu filamu ya Kifaransa kwenye kipakatalishi. Filamu yenyewe ni On a retrouvé la septième compagnie, jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa "Tumeipata Kombania ya Saba". Ilitoka mwaka 1975, nayo ni mwendelezo wa filamu ya 1973 iliyouliza, kwa jina lake lenyewe, kombania hiyo imepotelea wapi. Nyanya hajui Kifaransa wala mimi sikijui. Nilisoma maandishi ya chini ya picha nikamtafsiria, nusu kwa Kiidakho, nusu kwa Kiswahili, kwa namna ambayo watafsiri wa sinema za vibandani wangeicheka.

Nyanya alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya leso. Kisha akasema neno lililonifanya niandike makala haya: "Hawa ni akina baba." Nikadhani amenielewa vibaya, nikamweleza kwamba hao ni Wafaransa, na vita ni vya mwaka 1940, Ulaya. Akanijibu kwamba anajua, lakini baba yake, aliyekuwa Keya, alipelekwa Bukini kupigana na Wafaransa hao hao, na kwamba tangu aliporudi hadi alipokufa hakuwahi kusimulia kisa kimoja cha vita kisichochekesha.

Swali la makala haya linatokana na maneno hayo. Kiswahili kimeandika vita vingi, tena kwa tenzi zenye hadhi kubwa. Kwa nini basi kicheko cha askari aliyevipigana hakimo katika maandishi hayo? Nitaianza safari kwenye filamu, nipite Madagaska ya 1942, kisha nirudi Malinya, mahali ambapo jibu langu, kama ni jibu, limekaa.

Watu watatu na kombania yao

Filamu zote tatu za mfululizo huu (ya tatu ilitoka 1977) ziliongozwa na Robert Lamoureux, mchekeshaji ambaye pia aliigiza ndani yake akiwa kanali. Wakati wa kihistoria ni Mei na Juni 1940, jeshi la Ujerumani lilipoipasua Ufaransa kwa majuma machache tu. Kombania ya saba ni ya upelekaji habari, yaani watu wa waya na simu za vitani. Wanajeshi watatu wanatumwa kando kufanya upelelezi, na wakiwa huko kombania yao nzima inatekwa. Hivyo wanaobaki huru ni wale watatu ambao kamanda yeyote angewachagua mwisho: Sajini Chaudard anayeigizwa na Pierre Mondy, Pitivier anayeigizwa na Jean Lefebvre, na Tassin.

Watatu hao hawana ushujaa, wala si waoga hasa. Wana njaa, wamechoka, wanapenda kuoga mtoni na kuchinja kuku wa watu, na kila wanapojaribu kufanya jambo la kijeshi kwa utaratibu wa kijeshi, linaharibika. Wanapofanikiwa, hufanikiwa kwa bahati au kwa sababu adui naye ni mtu wa taratibu: akiona sare ya Kijerumani na gari la Kijerumani hapigi swali. Katika filamu ya pili, ambayo ndiyo ninayoishughulikia zaidi, wanatekwa na kuponyoka na kukaribia kutekwa tena, mpaka mtazamaji anaacha kuhesabu. Mandhari inayokumbukwa zaidi Ufaransa ni ile ya kulipua daraja, ambapo sajini anawafundisha wenzake kuunganisha waya wa rangi moja na kitufe cha rangi hiyo hiyo. Mtoto wa chekechea angeelewa. Kicheko kinatokana na subira ya sajini na nyuso za wanafunzi wake.

Mwanafalsafa Mfaransa Henri Bergson aliandika mwaka 1900 kwamba tunacheka tunapomwona binadamu akienda kama mashine. Kwa nadharia hiyo gwaride ni hazina ya ucheshi isiyoisha, maana gwaride ni juhudi ya kumfanya mtu awe mashine, na mzembe ni yule ambaye mashine hiyo imemkataa. Nadharia hiyo inafaa, ila haitoshi. Haielezi ni kwa nini Wafaransa wenyewe, miaka 35 tu baada ya fedheha ile, walijaza kumbi za sinema kwa mamilioni kuitazama. Takribani askari milioni 1.8 wa Ufaransa walitekwa mwaka 1940, na wengi wao walikaa Ujerumani hadi 1945. Waliocheka mwaka 1975 walikuwa wake zao, watoto wao, na wao wenyewe.

Hapa dhana yetu ya utani inaeleza zaidi kuliko Bergson. Mtani hutukana bila kuudhi kwa sababu kuna jambo zito lililowafunga wawili hao: vita vya zamani, ukoo, au msiba. Ndiyo maana mtani ndiye anayeruhusiwa kufanya mzaha matangani, mahali ambapo mwingine yeyote angefukuzwa. Filamu ya Lamoureux ni utani wa taifa kwa jeshi lake, uliofanywa kando ya kaburi. Nyanya yangu alipocheka, nilijiuliza yeye amepata wapi haki ya utani huo. Jibu lake lilikuwa tayari: baba yake aliwateka.

Mwendelezo na umbo la visa

Kabla ya kwenda Bukini, niseme neno kuhusu mwendelezo, kwa kuwa wahakiki wengi huudharau. Husemwa kwamba filamu ya pili ni biashara tu, kwamba haiongezi kitu kwa ya kwanza. Kwa vigezo vya riwaya ya makuzi, ambamo mhusika huanza mjinga akaishia na hekima, lawama hiyo ni sahihi. Chaudard hajifunzi lolote. Pitivier wa filamu ya pili ndiye yule wa ya kwanza, na mhakiki mwenye haraka atamwita mhusika bapa kisha aende zake.

Lakini sisi tuliokulia kwenye ngano tunajua umbo jingine. Abunuwasi hakui. Sungura hajifunzi, wala Fisi, ambaye angejifunza mara moja tu hadithi zote zingekwisha. Hekaya za aina hii hazina mwanzo wala mwisho. Zina kisa, na baada ya kisa kuna kisa kingine, mradi msimulizi ana pumzi na wasikilizaji hawajalala. Vipindi vyetu vya redio na televisheni, kama Vitimbi na Vioja Mahakamani, vilidumu kwa miaka mingi juu ya msingi huo huo. Katika filamu ya pili, Tassin hakuigizwa tena na Aldo Maccione aliyemwigiza 1973, bali na Henri Guybet, mtu wa sura na sauti tofauti kabisa. Watazamaji walimpokea bila tabu. Kwa mtu wa fasihi simulizi hilo si la kushangaza. Msimulizi akibadilika usiku wa leo, Sungura anabaki Sungura.

Nalitaja hili kwa sababu visa vya baba yake nyanya navyo vilikuwa hivyo. Havikuwa na tarehe wala mpangilio. Kila kimoja kilianza na wao kutumwa mahali, kikaishia na wao kufika mahali pengine.

Bukini, 1942

Wengi wetu tunaposikia Keya tunaifikiria Burma, au Uhabeshi kabla yake. Vita vya Madagaska havizungumzwi sana, labda kwa sababu ni vigumu kueleza kwa kifupi ni nani alikuwa upande wa nani. Baada ya Ufaransa kushindwa mwaka 1940, serikali ya Vichy ilikubaliana na Ujerumani, na makoloni yaliyoitii, Bukini ikiwemo, yakawa mikononi mwa Wafaransa waliokuwa wameacha kupigana na Wajerumani. Waingereza walihofia kwamba Wajapani wangekitumia kisiwa hicho kukata njia ya meli za Bahari ya Hindi. Tarehe 5 Mei 1942 wakashuka kaskazini, karibu na Diego Suarez.

Septemba mwaka huo vita vilianzishwa upya ili kukiteka kisiwa chote, na kazi ya bara iliangukia zaidi brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki. Ndani yake mlikuwa na batalioni za Keya kutoka Kenya, Tanganyika na Nyasaland. Walishuka Majunga tarehe 10 Septemba, wakaingia Tananarive tarehe 23, kisha wakaendelea kusini kuwafuata Wafaransa waliokuwa wakirudi nyuma.

Msomaji aliyeiona filamu atajihisi ameirudia. Jeshi la Vichy lilikuwa na nguvu chache na nchi kubwa. Mkakati wake mkuu ulikuwa kuchelewesha, nao ulitekelezwa kwa mawe. Barabara ya kutoka pwani hadi mji mkuu, na kutoka hapo kwenda kusini, ilizibwa kwa kuta za mawe na magogo ya miti iliyokatwa, kizuizi baada ya kizuizi, vingi vikiwa havina hata mlinzi mmoja. Askari wa Keya walikuwa wakifika, wakijipanga kwa vita, kisha wakiweka bunduki chini na kuanza kubeba mawe. Madaraja nayo yalilipuliwa. Kwenye mto Betsiboka, daraja kubwa la kuning'inia lililipuliwa kwa namna ambayo sehemu ya katikati ilianguka kama futi tatu tu, ikatua kitandani mwa mto ikiwa bado inapitika. Magari ya adui yakavuka. Nikiisoma habari hii huwazia nyaya na vitufe vya Sajini Chaudard, ingawa Lamoureux hakuwa akisimulia Madagaska.

Mwezi Oktoba, kusini mwa mji mkuu, Keya waliizunguka ngome ya Wafaransa usiku kutoka pande mbili, wakateka mamia ya askari asubuhi yake. Yaani kombania nzima nzima zilipotea, na zikapatikana mikononi mwa vijana wa Kakamega, Machakos na Songea.

Mwisho wake ndio wa kichekesho kuliko yote. Gavana Armand Annet aliomba masharti ya amani mwanzoni mwa Novemba, na mkataba ukatiwa saini dakika moja baada ya saa sita usiku, tarehe 6 Novemba. Wanahistoria wanaeleza sababu ya dakika ile. Vita vilianza tarehe 5 Mei, na kanuni za Ufaransa zilimpa askari haki ya nishani na malipo ya ziada endapo kampeni ingezidi miezi sita. Kwa hiyo majeshi mawili yalingoja saa igeuke. Mtunzi wa filamu akibuni jambo kama hilo, wahakiki watamwambia ametia chumvi.

Mawe, na Mfaransa wa kwanza

Baba yake nyanya hakuwa mpiga bunduki wa mstari wa mbele. Alikuwa katika kikosi kilichofuatana na brigedi kufungua njia. Kisa chake cha mawe nyanya alinisimulia kwa sauti ya baba yake, na kwa lugha ya baba yake, ambayo si Kiidakho wala si Kiswahili ninachokifundisha. Sentensi yenyewe ni hii: "Sisi nakwenda piga Mfaransa, sisi nabeba mawe." Halafu anaeleza jinsi walivyobeba mawe asubuhi, wakatembea, wakakuta mawe mengine, wakabeba, na jinsi mwenzake mmoja aliyefika jioni kwenye ukuta wa nne au wa tano alivyousimamia wima, akaupigia saluti na kuusalimu kama afande.

Kisa cha pili ni kifupi zaidi, na ndicho kilichonifanya nisilale usiku ule. Baada ya mawe, walipata mateka. Wote katika kikosi walikuwa wakingoja kwa hamu kumwona Mfaransa, kwa kuwa walikuwa wamebeba mawe yake majuma mengi. Wakaletwa mateka wa kwanza. Maneno ya mzee: "Mfaransa ya kwanza mimi naona, yeye nyeusi kupita mimi."

Nyanya hucheka hapo kila mara. Nami nilicheka, kisha kicheko kikakwama. Sentensi hiyo ina ukweli wa kihistoria ambao vitabu hutumia kurasa kuueleza: sehemu kubwa ya majeshi ya Vichy kisiwani ilikuwa ya Wamalagasi na wa askari walioitwa wa Kisenegali, waliokusanywa Afrika Magharibi. Mkulima wa Idakho alisafirishwa na mfalme wa Uingereza, akavuka bahari, akabeba milima ya mawe, ili mwisho wa yote amkamate mkulima wa Senegali aliyesafirishwa na Ufaransa. Nani mzembe katika kisa hiki? Si yule mateka, na si aliyemteka. Mzee hakueleza kinaya hicho, na hakuhitaji. Alikiweka katika maneno tisa akanyamaza.

Filamu ya Lamoureux haiwezi kusema jambo hilo kwa sababu mashujaa wake wote watatu ni Wafaransa weupe, na kushindwa wanakokuchekea ni kwao peke yao. Lakini katika Ufaransa ya Juni 1940 walikuwemo maelfu ya askari Waafrika, na kwao utekwaji haukuwa mchezo wa kuponyoka. Karibu na Lyon, huko Chasselay, Wajerumani waliwatenga mateka Waafrika na kuwapiga risasi. Waliosalia na kuachiliwa mwishoni mwa vita, walipodai malipo yao, walipigwa risasi na jeshi lile lile walilolitumikia, katika kambi ya Thiaroye, Senegali, tarehe 1 Desemba 1944. Ousmane Sembène, aliyewahi kuwa askari katika jeshi hilo, alitengeneza filamu kuhusu mauaji hayo mwaka 1988. Sisemi kwamba Lamoureux alipaswa kutengeneza filamu ya Sembène. Nasema kwamba utani huwa na mipaka ya ukoo, na ukoo wa utani wake haukutuhesabu.

Lugha iliyovunjika

Sasa nirudi kwenye swali langu. Shaaban Robert alivitungia vita hivyo utenzi mrefu, Utenzi wa Vita vya Uhuru, 1939 hata 1945, uliochapishwa 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Ni kazi kubwa ya lugha ya Kiswahili katika karne ya ishirini, na sina nia ya kuipunguza. Lakini bahari ya utenzi ni bahari ya heshima. Ina dua mwanzoni, ina mafunzo, ina wafalme na majemedari. Tangu tenzi za kale vita vimeandikwa kwa sauti hiyo, na msomi wa Kiswahili anafundishwa kuisikia kama sauti ya vita yenyewe. Aliyeupigia ukuta saluti hana ubeti wa kukaa.

Kizuizi kingine, ambacho nadhani ni kikubwa zaidi, ni lugha. Kiswahili cha Keya, ambacho wengine hukiita KiKAR, kilizaliwa kambini miongoni mwa Wanubi, Wakamba, Wanandi, Wayao, Waluhya na maafisa Waingereza. Kilichukua vyeo vya Kituruki kupitia jeshi la Misri na Sudani: afande, shaushi, ombasha. Ngeli zilipungua, "hapana" ikabeba kazi yote ya ukanushi, na kiambishi "na-" kikafaa nafsi zote na nyakati karibu zote. Wakati huo huo, kuanzia 1930, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilikuwa ikisanifisha Kiswahili juu ya msingi wa Kiunguja. Usanifishaji ulitupa vitabu, kamusi, mitihani, na kwa kweli ulitupa idara hizi tunazosomea. Ulitupa pia sikio linalosikia KiKAR kama makosa.

Matokeo yake yameingia hata katika ucheshi wetu. Askari anapochekesha katika fasihi ya baada ya uhuru, mara nyingi anachekwa kwa lugha yake. Mulili katika tamthilia ya Francis Imbuga iliyotoka 1976, ile inayosomwa kwa Kiswahili kama Usaliti Mjini, ni mfano wa karibu nasi. Imbuga alizaliwa Vihiga, mwendo mfupi kutoka Malinya. Mulili ni askari asiyejua kusema sawasawa, na hadhira hucheka kila afunguapo kinywa, hadi inapogundua kwamba uongo wake umemfikisha Kabito kaburini. Ucheshi huo una kazi ya haki: unawaonya raia kwamba mjinga mwenye bunduki na jamaa mkubwa ni hatari. Lakini angalia uelekeo wa kicheko. Mwenye lugha safi anamcheka mwenye lugha chafu. Katika visa vya mzee wangu lugha ile ile "chafu" ndiyo inayocheka, na inayochekwa ni dola mbili zilizopeleka watu kubeba mawe.

Mwenzangu mmoja niliyemsomea rasimu hii alipinga. Alisema nampamba babu yangu, kwamba wengi wa Keya hawakuona la kuchekesha, na akanitajia meli ya Khedive Ismail iliyozamishwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944 ikielekea Ceylon, ambapo walikufa karibu watu 1300, mamia yao wakiwa askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Pingamizi hilo ni zito nami nalikubali. Nilimuuliza nyanya kama baba yake aliwahi kuzungumzia waliokufa. Alisema hapana. Alisema pia kwamba kuna jina moja ambalo likitajwa mzee alikuwa akiinuka na kutoka nje, na kwamba ndiye aliyeupigia ukuta saluti. Sikuuliza zaidi.

Kuhusu kunukuu

Katika kozi zetu za fasihi simulizi tunatumwa nyanjani kukusanya ngano, methali, nyimbo za arusi na za jando. Sijaona zoezi linalomtuma mwanafunzi kukusanya visa vya kambini. Sababu inayotolewa ni kwamba hivyo si vya jadi. Vina miaka themanini tu. Lakini beni, ngoma ya magwaride na vyeo vya kuigiza iliyoenea kutoka pwani hadi bara zamani za ukoloni, ilidharauliwa kwa hoja ya namna hiyo hiyo, mpaka Terence Ranger alipoiandikia kitabu mwaka 1975, na wakati huo waliokuwa wameicheza katika ubora wake walikuwa wameanza kwisha. Keya waliopigana Bukini hawapo tena. Waliopo ni watoto wao, wazee kama nyanya yangu, ambao wamezihifadhi sentensi za baba zao neno kwa neno kwa sababu kichekesho hakikumbukwi kwa muhtasari. Ukiibadili sentensi, kicheko kinakufa.

Hilo nililijifunza kwa aibu. Kesho yake nilikaa uani nikaandika visa vile katika daftari, nami nikavisafisha bila kufikiri, kama ninavyosahihisha insha za wanafunzi. Jioni nikamsomea nyanya: "Mfaransa wa kwanza niliyemwona alikuwa mweusi kuliko mimi." Nilisubiri acheke. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni aliyepotea njia.

"Baba hakusema hivyo," akasema. "Huyo ni mwalimu."

Nilifuta nikaandika upya, naye akiniimlia, akisimama baada ya kila neno ili aone kama nimeliandika.